Kwa nini manamba waliletwa Tanga kutoka mbali?

SWALI: Mhariri, babu yangu mzaa baba alitoka Kasulu akaja kukata mkonge kama manamba, yaani kibarua wa mkataba kutoka mbali, wilayani Korogwe kabla ya Uhuru, wala hakurudi tena kwao. Majirani zetu nao asili yao ni Songea, Njombe na hata Msumbiji. Wazigua, Wabondei na Wasambaa walikuwa papo hapo; kwa nini wenye mashamba waligharamia kuwasafirisha watu kutoka mwisho wa nchi? Na kama mkonge ulikuwa dhahabu ya kijani kama tulivyofundishwa shuleni, mbona Tanga haikuwa mji wa viwanda vya kamba?
Msomaji, Korogwe

JIBU: Ndugu msomaji, jibu la swali lako la kwanza limo katika mmea wenyewe. Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893 na kuupanda karibu na Pangani, hauna msimu wa mavuno. Ukishakomaa hukatwa mwaka mzima, masika na kiangazi, na jani lililokatwa halivumilii kungoja. Singa, yaani nyuzi za kusokotea kamba, ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulisafirisha mbali likiwa bichi. Ilibidi kila shamba kubwa liwe na korona yake, mashine ya kusaga majani na kutoa singa, pamoja na reli ndogo ya kuyafikisha majani hapo na maji mengi ya kuoshea. Mtambo wa gharama kama huo haukupaswa kusimama kwa sababu wakataji wamekwenda kupanda mahindi yao.

Wenyeji wa Tanga walikwenda kupanda mahindi yao. Walikuwa na ardhi, walikuwa na chakula cha kuwauzia watu wa mashambani, na waliweza kupata fedha ya kodi bila kujifunga kwa bwana shamba. Wajerumani walijaribu kuwalazimisha: huko Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka awafanyie walowezi kazi kwa siku 30 katika kila miezi minne. Utaratibu huo ulileta watu shambani, lakini haukuleta watu wa kudumu.

Aliyefaa zaidi, kwa hesabu za mwenye shamba, ni mtu ambaye mvua zikianza kunyesha hawezi kurudi kwao. Kodi ilitozwa kote nchini, lakini zao la kumpatia mtu fedha ya kuilipa halikuwapo kote. Wachaga na Wahaya walikuwa na kahawa, na ni wachache kati yao walioonekana kwenye mkonge. Uha, Ungoni na Ubena, yaani pande za Kasulu, Songea na Njombe, hawakuwa na nafasi kama hiyo, hivyo vijana wao waliifuata fedha ilikokuwa. Vita Kuu ya Pili ilizidisha haja hiyo, kwani mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino na Java, zilizokuwa zikitoa nyuzi za kamba, na mataifa yaliyopigana nayo yakabaki kutegemea sana mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ikafikia hata kuwakamata watu kwa nguvu na kuwapeleka mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowakusanya manamba mikoani na kuwasafirisha hadi kambini.

Hapo kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa. Mkataji alifunga majani 30 katika kila fungu, na asiyetimiza idadi ya mafungu aliyopangiwa hakuandikiwa siku hiyo, hata kama alishinda juani. Mshahara ulikadiriwa kana kwamba mfanyakazi hana mke wala watoto. Aliyewalisha hao ni mama aliyebaki Kasulu na jembe lake, na kwa maoni yangu huo ndio mchango mkubwa zaidi uliotolewa kwa uchumi wa mkonge, ingawa hauonekani katika daftari la shamba lolote.

Kuhusu viwanda vya kamba, jaribio lilifanyika. Katika miaka ya 1930 kiwanda cha kusokota kamba kilifanya kazi Tanga na kuuza bidhaa zake Uingereza. Watengenezaji wa kamba wa huko walilalamika kwamba wanaharibiwa soko, serikali yao ikawasikiliza, na kiwanda kikafungwa kabla ya muongo huo kwisha. Tanganyika ikaendelea kupakia marobota ya singa bandarini.

Viwanda vya kusokota viliongezeka baada ya Uhuru, lakini vilichelewa. Uzalishaji ulifikia kilele cha takriban tani 230,000 mwaka 1964, wakati ambapo kamba za plastiki zilikuwa zimeanza kuingia katika mashamba ya ngano ya Ulaya na Marekani, ambako kamba za mkonge zilitumika kufungia mavuno. Wako wanaosema kwamba mkonge uliuawa na utaifishaji wa mwaka 1967. Usimamizi wa mashirika ya umma ulikuwa na makosa yake, na si madogo, lakini bei ilikuwa imeanza kuporomoka miaka mitatu kabla ya Azimio la Arusha.