Jibu: Mama anaruhusiwa Ijumaa baada ya kiharusi, nijiandaeje?

Pole sana dada. Usingoje hiyo Ijumaa. Nenda wodini kesho, mwombe nesi akuache umgeuze mama wewe mwenyewe, yeye akiangalia. Mimi nilimtazama nesi wiki nzima akimgeuza baba, nikadhani nimeelewa. Siku ya kwanza nyumbani nikamvuta kwa mkono uliopooza, akalia. Mkono ule hauvutwi kamwe, bega huumia vibaya.

Mgeuze kila baada ya saa 2, ukague visigino na chini ya kiuno kama ngozi imebadilika rangi. Ale ameketi wima, abaki hivyo dakika 30 baada ya kula. Akikohoa anapomeza, mwambieni daktari kabla hamjatoka. Na dawa za presha: waandike saa za kumeza na tarehe ya kliniki.