Bekapu ipo salama, ufunguo umekufa na kompyuta

Diski ya nyumbani ikifa, bekapu iliyoko kwenye seva ya mbali haidhuriki. Kazi ni kuifikia. Wengi hufunga data kwa nenosiri gumu, kisha nenosiri lenyewe wakalitunza kwenye kompyuta ileile. Restic na Borg, programu za bekapu iliyofungwa kwa nenosiri, hazina mlango wa "nimesahau nenosiri": mwenye data aliyelipoteza na mwizi, kwao ni mamoja.

Jiulize: ukiwekewa kompyuta tupu sasa hivi, utahitaji nini? Anwani kamili ya hifadhi (mahali bekapu inapokaa), jina na nenosiri la akaunti, namba za akiba za uthibitisho wa hatua mbili, ufunguo wa SSH (faili la kuingilia kwenye seva) kama seva inaudai, na nenosiri la bekapu. Kikikosekana kimoja umekwama. Angalia pia mizunguko: akaunti inatuma msimbo kwa barua pepe, barua pepe inadai msimbo wa simu, na nenosiri la barua pepe limo ndani ya bekapu.

Programu nazo hutofautiana. Restic huweka funguo ndani ya hifadhi yenyewe, kwa hiyo nenosiri latosha. Borg ikiwa kwenye mtindo wa `repokey` (ufunguo ndani ya hifadhi) ni hivyohivyo, lakini kwenye `keyfile` ufunguo hukaa kwenye kompyuta yako, `~/.config/borg/keys` na hufa na diski, hata kama nenosiri unalikumbuka. Utoe mapema kwa `borg key export --paper`, uuchapishe. Rclone crypt, sehemu ya Rclone inayofunga faili kabla ya kuzipeleka seva, hutumia nenosiri, na la pili la hiari kama "chumvi", yaani kiongezeo kinachochanganywa na la kwanza; kama uliliweka, yaandike yote mawili. Usidanganyike na `rclone.conf`, faili la mipangilio linalotunza manenosiri hayo: usipoifungia kwa nenosiri lake, yaliyomo yamefichwa juujuu tu, na atakayeipata atayasoma.

Nenosiri la kuandikwa liwe maneno sita yaliyochaguliwa kwa kete. Herufi za ovyoovyo huleta ubishi wa 0 na O, 1 na l. Tumia kalamu na karatasi ya kawaida, kwani ile ya risiti hufifia. Nakala mbili, moja nje ya nyumba.

Halafu jaribu, maana karatasi isiyojaribiwa ni dhana tu. Washa kompyuta nyingine kwa Linux ya kwenye flashi, ushike karatasi peke yake, uweke programu na kuunganisha hifadhi, kisha:

`restic restore latest --target /tmp/jaribio --include /home/jina/picha`

Chukua folda moja ndogo, kwa sababu kwenye flashi `/tmp`, folda ya muda, huwa ndani ya RAM (kumbukumbu ya kompyuta) na hujaa upesi. Fungua picha yenyewe. Kuona orodha ya majina hakutoshi. `restic check`, amri ya kukagua hifadhi, peke yake nayo haisomi data yenyewe, hivyo ongeza `--read-data-subset=5%` isome walau sehemu. Rudia jaribio kila ubadilipo simu: mara nyingi programu ya misimbo ndiyo huachwa kwenye simu ya zamani.