Kokpiti ya mabomba kwa gemu za magari: bomba sio tatizo, angalia pale mguu unapokanyaga

Mkuu uliyeuliza, nimesoma swali lako mara mbili. Una usukani wa G29 wa Logitech, unataka kuhamia kwenye wa dairekti draivu (usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mota) wa kati ya 5 na 9 Nm (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), chumba kidogo, wewe mwenyewe una kilo 95, na unauliza ununue kokpiti (fremu ya kufungia kiti, usukani na pedali) ya mabomba ya chuma ya dukani, ujinyime ufikie zile za profaili za alumini, au umpe fundi wa kuchomelea. Naona wengi hapo juu wamekwambia "alumini tu, bomba ni uchafu". Mimi nabisha. Nimeanza na meza ya plaiwudi, nikaja ya kukunja, sasa nakalia ya fundi, na ya alumini nimekalia sana tu kwa jamaa yangu, kwahiyo sisemi vya kusikia.

Kwanza hili la chuma na alumini. Chuma chenyewe ni kigumu karibu mara tatu ya alumini kwa kipande cha saizi ileile, hiyo ni sifa ya madini yenyewe wala haina ushabiki. Profaili za alumini zinashinda kwa sababu ni nene, unakuta 40 kwa 80 au 40 kwa 160 milimita, halafu zina mifereji, unasogeza chochote popote bila kutoboa. Sasa mtu ananunua kokpiti ya bomba la inchi moja na nusu lenye unene wa milimita 1.5, linanesa, anakuja kusema bomba halifai. Bomba lipi? Ukitoka hilo ukaenda inchi 2 lenye unene wa milimita 2, ugumu wa kupinda unapanda karibu mara tatu na uzito hata mara mbili haufiki. Ndio maana kokpiti kama TR8 ya kampuni ya Trak Racer, ambayo ni bomba la inchi 2, huwezi kuiweka kapu moja na stendi za kukunja eti kwa vile zote ni "bomba".

Sasa ishu ambayo watu hawaigusi. Kila mtu anawaza usukani, usukani una Nm ngapi, kokpiti itahimili? Piga hesabu kidogo. Usukani wa 8 Nm wenye upana wa sentimita 30, nguvu inayofika kwenye mkono wako pale pembeni ni kama kilo 5 na nusu. Basi. Lakini breki ya lodiseli, ile inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali pedali inaosafiri, unaikanyaga kilo 30, 40, wengine zaidi, tena kila kona, saa nzima. Na hiyo nguvu haiishii kwenye pedali, inasukuma pedali mbele na mgongo wako nyuma kwa mpigo mmoja, yaani wewe na kokpiti mnakuwa kama upinde na mshale. Kinachonesa kwanza ni pleti ya pedali, kinafuata mgongo wa kiti, usukani unakuja baadaye kabisa.

Mimi nilijifunza kwa hela yangu. Nilinunua ya kukunja kwa mtu aliyekuwa anahama, kampuni siitaji, bomba jembamba na bawaba pale katikati. Na G29 ilikuwa poa kabisa, sina baya, mwaka mzima nimeendesha gemu ya Assetto Corsa bila kulalamika. Nikanunua pedali za T-LCM za Thrustmaster, breki yake ni lodiseli, nikazifunga, nikaingia uwanja wa Monza kwenye gemu nikasema leo nitawaonyesha. Kona ya kwanza nikapitiliza. Ya pili breki zikazidi, tairi zikajifunga. Nikadhani nimekosea kuseti, nikahangaika na programu yao siku mbili, kumbe shemeji yenu kapita pembeni akasema mbona hicho kibati kinabonyea. Nikaweka rula, nikakanyaga, aisee pleti inapinda zaidi ya sentimita moja na kiti kinarudi nyuma. Sasa mguu utakumbuka vipi kilo 30 ni wapi wakati sehemu unayokanyagia inakimbia? Nilikuwa nimelipia pedali nzuri halafu nimeziweka kwenye mfuniko wa sufuria.

Kwahiyo ukienda kuangalia ya dukani usianze na rangi wala nembo. Kaa, weka mguu pale pedali zinapofungwa, sukuma kwa nguvu zako zote kilo 95 hizo huku mgongo umeegemea kiti, halafu mwambie mtu aangalie kwa pembeni. Kama pleti ni bati lililokunjwa tu na limeshikwa na bolti mbili kwa chini, achana nayo, au nunua ukijua utaongezea chuma cha engo kwa chini. Angalia pia nguzo ya usukani, ni moja katikati au mbili pembeni. Moja katikati inayumba kushoto kulia ukikata kona, na mguu wa kushoto unaigonga kila saa kama unakanyaga breki kwa mguu huo. Mbili pembeni zina kero yake, kuingia na kutoka inabidi ujikunje, ila zinatulia.

Kingine cha mabomba ya duara ambacho hakiandikwi kwenye tangazo ni kwamba vishikio vinazunguka. Unafunga handibreki kwenye bomba la duara kwa kishikio cha kubana, inakaa vizuri kwenye magari ya GT, yale ya mbio za lami, maana hata huigusi, halafu unafungua gemu ya rali ya EA Sports WRC unaingia stage za Kenya kule Naivasha, mashimo na vumbi, unavuta handibreki kwa hasira mara kumi na kishikio chote kinalala upande. Nilikaza mpaka nikavunja bolti. Bomba la pembe nne halina hiyo shida, kishikio hakina pa kuzungukia. Kama wewe ni mtu wa rali hili lipe uzito, kama ni gemu ya Gran Turismo 7 tu na magari ya barabarani ruka.

Haya, fundi. Kibongobongo hii ndio njia niliyoishia, maana kokpiti ni mzigo mzito na mkubwa, kuisafirisha kutoka nje inaweza kukutoa machozi kabla hata hujafika kwenye ushuru. Nilienda Gerezani, Dar, na picha kwenye simu, kosa la kwanza. Fundi akaniambia "bosi hii ndogo sana, kesho chukua". Kesho nikachukua kweli, kufika nyumbani naiweka kwenye marumaru, mguu mmoja uko juu, inacheza kama stuli ya mama ntilie. Alichomelea upande mmoja wote akamaliza ndio akahamia wa pili, na chuma kikipata moto kinavuta, fremu ikajipinda. Usukani pia ulikuwa umekaa upande kidogo, unaendesha dakika 20 bega linauma.

Mara ya pili nilienda kwa fundi mwingine nikiwa na karatasi yenye vipimo, skwea paipu (bomba la pembe nne) ya inchi 2 kwa 2, unene wa milimita 2. Zinauzwa urefu wa mita 6, kila moja ina kama kilo 18, mbili zilitosha na kipande kikabaki. Nikamwomba ashikize kwanza vidoti tu kila kona, tukapima kwa futi kamba kona kwa kona, pande zote mbili zikasoma sawa, ndio akachomelea kwa kuruka ruka, kipande huku kipande kule. Alinuna kidogo lakini nilikaa hapohapo na soda yangu mpaka mwisho. Pleti ya pedali nikataka ya milimita 5, chini yake engo mbili zimeungwa kwenye fremu. Na usikubali bomba la maji la galvanaizi eti kwa vile halishiki kutu, ule moshi wake likichomelewa ni sumu kwa fundi.

Ila ujue unachopoteza. Ya fundi haisogei. Ukikosea umbali wa pedali umekosea, labda utoboe matobo ya akiba, mimi nilitoboa manne kila baada ya sentimita 4 na nimetumia mawili. Kabla ya kwenda kwa fundi kaa kwenye kiti sebuleni, weka pedali chini, usukani kwenye meza, sogeza mpaka uone raha, halafu pima. Skrini weka kwenye stendi yake kabisa, usiiunge kwenye kokpiti, itatetemeka na wewe.

Kiti nilichukua cha mtumba Ilala, cha Altezza, kinakaa vizuri kuliko viti vingi vya gemu. Njoo nacho na reli zake, lakini jua miguu ya reli za gari haiko usawa mmoja, ya mbele na ya nyuma inatofautiana kimo, kwahiyo kipeleke kiti kwa fundi kabla hajakata vyuma, sio baada. Mimi nilipeleka baada, nikaishia kupanga wosha sita sita chini ya bolti.

Jibu lako sasa. Kwa 5 mpaka 9 Nm huhitaji alumini. Kama chumba ni chako na huhami leo wala kesho, fundi, skwea paipu, pleti nene. Kama unapanga na kila baada ya miezi unahama, ya dukani ya bomba la inchi 2 inayofunguka kwa bolti, na engo utaongeza mwenyewe. Ya kukunja kwa kilo 95 na lodiseli, hapana mkuu, labda ubaki na pedali za G29.

Rangi usipige mapema. Endesha kwanza wiki mbili tatu, maana lazima utakumbuka tobo ulilosahau. Kokpiti yangu ina mwaka wa pili sasa iko na redoksaidi tu, shemeji yenu ameshachoka kuuliza.