Maswali ya wasomaji: kuchati bila bando, ila siri iko wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina duka la vipodozi hapa Mwanza mjini na mdogo wangu ana la kwake mtaa wa pili, mambo yote ya mzigo na hela tunaongea WhatsApp. Ile 29 Oktoba 2025 intaneti ilivyokatwa nchi nzima mpaka mwanzoni mwa Novemba tulikwama kabisa. Sasa kuna kijana ananiambia zipo programu za kuchati kwa Bluetooth bila bando, tena hakuna anayeweza kusoma kwa sababu haipiti mtandaoni. Ni kweli? Tuweke ipi?
Mfanyabiashara, Mwanza

JIBU: Nzuri dada, pole kwa yale. Kijana wako kakwambia kweli nusu, na hiyo nusu ya pili ndo inaniumiza kichwa maana naisikia kila mahali.

Kutuma bila bando inawezekana, wala sio uchawi. Simu yako ina Bluetooth na Wi-Fi ndani, na hivyo vitu vinaweza kuongea na simu ya jirani moja kwa moja, havihitaji mnara wala vocha, hata ukitoa laini zote mbili bado vinaongea. Lakini kusema ni siri kwa sababu haipiti mtandaoni, hapana dada. Meseji ikishatoka kwenye simu inapita hewani na mtu aliye karibu mwenye vifaa vyake anaweza kuidaka. Kinachokulinda ni programu imeifungaje hiyo meseji, yaani imeigeuza vipi isisomeke na mwingine, kabla haijatoka, na hapo programu hazilingani kabisa.

Nikupe mfano wa kweli. Mwaka 2019 watu wa Hong Kong waliokuwa kwenye maandamano walipakua sana programu inaitwa Bridgefy, kazi yake ni hiyohiyo ya Bluetooth, na walikuwa wanaiamini. Agosti 2020 watafiti wa Royal Holloway, chuo cha Uingereza, wakaifungua wakaichambua, wakakuta meseji za watu wawili zinaweza kusomwa na mtu wa tatu, mtu anaweza kujifanya mwingine, inawezekana kujua nani anachati na nani, na kibaya zaidi meseji moja tu iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuangusha mtandao mzima wa hizo simu. Wenye programu wakarekebisha, wakaingiza mfumo wa ulinzi wa Signal, programu nyingine ya kuchati inayosifika kwa siri, afu 2022 watafiti wakarudi tena na bado wakakuta matundu. Fikiria mtu alikuwa anaandika humo mambo ya kumpeleka jela akijua yuko salama.

Kwa nyie wawili mi ningesema Briar. Ni ya bure, kwa simu iko Android tu, iPhone haipo, kwa hiyo kama mdogo wako anatumia iPhone hapo imekula kwenu. Haiulizi namba ya simu wala barua pepe. Mnakaa pamoja, kila mmoja anafungua sehemu ya kuongeza mtu aliye karibu, simu zinatazamana, yako inasoma kile kibox cha QR kwenye kioo chake na yake inasoma chako, basi mmejuana. Hii hatua usiidharau, maana ndo inayokuhakikishia unaongea na mdogo wako kweli na sio mtu aliyeandika jina lake. Simu zenu zikiwa zimeunganika unaona kidoti cha kijani pembeni ya jina. Paswedi uiweke kichwani vizuri, akaunti yote iko ndani ya simu, ukisahau hakuna mtu wa kumpigia akurudishie, unaanza upya.

Sasa umbali. Bluetooth ya simu ukishaweka ukuta, mashelfu na watu katikati, hesabu mita kumi hivi, uwanja ukiwa wazi inasogea zaidi. Mtaa wa pili haifiki, nisikudanganye. Ila meseji haipotei, inakaa kwenye simu yako inasubiri, mkikutana jioni nyumbani inaingia yenyewe. Kama maduka yote mawili yanashika router moja ya Wi-Fi basi mtachati hata kama hiyo router haina intaneti. Na kuna njia nyingine naipenda: ndani ya Briar kuna majukwaa, yaani sehemu za kuchati watu wengi pamoja, mkifungua moja mkamweka na kijana anayewapelekea mzigo, simu yake inachukua meseji dukani kwako, akifika kwa mdogo wako inazimwaga. Lakini elewa kijana naye anasoma kila kilichoandikwa kwenye hilo jukwaa, kwa hiyo bei za kununulia na hela mlizonazo ziacheni kwenye meseji zenu wawili.

Na fanyeni sasa hivi intaneti ikiwepo. Mkichelewa, mmoja akiwa nayo tayari anaweza kumpa mwenzie kupitia hotspoti, Briar ina sehemu ya kujigawa bila intaneti. Hizo "WhatsApp ya offline" zinazozunguka kwenye magrupu msiziguse.

SWALI: Bitchat naona inasifiwa, meseji inaruka simu hadi simu. Nikiwa Arusha namfikia mtu wa Moshi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Bila intaneti hapana. Jack Dorsey, yule mwanzilishi mwenza wa Twitter, aliitoa Julai 2025, na meseji inaruka mara saba mwisho, kila mruko ni makumi ya mita tu, afu lazima katikati kuwe na watu wenye programu hiyohiyo imewashwa. Uwanjani au sokoni inafaa, Arusha na Moshi ni kama kilomita 80. Uzuri wake iko Android na iPhone na haina akaunti. Ila hata Dorsey mwenyewe aliweka onyo kwamba usalama wake haujakaguliwa, na siku chache tu baadae mtaalamu mmoja akaonyesha mtu anaweza kujifanya rafiki yako. Imekuwa ikirekebishwa tangu hapo, lakini jina la utani yeyote anaandika, hakikisha mmethibitishana uso kwa uso kabla hujamwaga mambo ya ndani. Na kumbuka kufunga meseji hakufichi kwamba Bluetooth yako iko hewani, mtu wa karibu anaweza kujua kuna simu hapo inatumia hiyo kitu.

SWALI: Nimeweka Briar lakini meseji haziingii mpaka niifungue mwenyewe. Simu mbovu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Sio mbovu, ni ile setingi ya kubana betri, simu inaizima programu ukishaiacha. Ingia setingi za betri, tafuta Briar, iruhusu ifanye kazi muda wote bila kubanwa, na usiifagie ukiwa unasafisha programu zilizofunguka. Betri itakula zaidi kidogo, hilo halikwepeki. Ukimaliza jaribu na mwenzio: wekeni simu flaiti modi, washeni Bluetooth peke yake, zimeni vioo, mmoja afungue Briar atume, msubiri dakika chache muone kama ya pili inalia.