Kabla Hujaomba Kazi ya Kupiga Mbizi

Kijana mmoja wa Tanga ameniandikia juzi: "Shikamoo kaka. Nataka kuwa mpiga mbizi wa mafuta kama wewe. Nianzie wapi?"

Nimeguswa, maana ndivyo nilivyokuwa. Mimi mtoto wa mvuvi wa madema, leo nashukia Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwe, kwenye mabomba ya mafuta. Si jambo dogo, na silionei haya kulisema.

Lakini sikiliza. Huku tunaishi melini ndani ya chemba ya chuma hadi siku 28, mgandamizo wake ukilingana na wa chini tunakofanya kazi, mita 100. Kengele, yaani chumba kidogo cha chuma cha kuzamia, inatushusha, tunakaza mabomba kwa saa 6, inaturudisha kulala. Tunavuta heliamu na oksijeni, kwa kuwa naitrojeni kwenye kina hicho inalewesha. Heliamu inapora joto, ndiyo maana suti zetu hupitishiwa maji ya moto muda wote. Na inaharibu sauti, inakuwa nyembamba kama ya bata. Nikimpigia mama alikuwa akisema, "Nipe mwanangu, wewe sikujui."

Siku ya 19 ya zamu moja nikaambiwa mama amefariki.

Mwanaanga aliye kilomita 400 juu, akishaachana na kituo cha anga kwa chombo cha Soyuz, anatua Kazakhstan baada ya kama saa tatu na nusu. Mimi sitaha ilikuwa hatua chache tu nje ya ukuta, na nilihitaji karibu siku 5 za kushushiwa mgandamizo polepole. Mlango ungefunguliwa ghafla, damu ingechemka mapovu. Mama alizikwa alasiri ileile. Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Mpaka leo kuna ndugu hawanisalimii.

Basi mdogo wangu, jifunze kuchomelea vizuri, utafute cheti. Lakini kwanza kaa na wazee wako. Waeleze kwamba kuna siku utaitwa na hutaweza kuja. Waeleze tena, wakuelewe. Vijana mnauliza mshahara tu! Muulize na mama kama yuko radhi, umsikie kwa masikio yako.

Na urekodi sauti yako halisi kabla hujafungiwa. Mimi sasa kila zamu namrekodia baba dakika kumi, habari za kawaida tu, namuuliza madema yametoa nini. Nashuka tena mwezi ujao. Ya safari hii nimeshamtumia.