Jibu: Nikisawazisha mlinganyo wa kuchoma butani, O2 inatoka 6.5, nimekosea wapi?

Hujakosea, mkuu. Hiyo 6.5 ni sahihi, kinachokusumbua ni nusu tu. Butani ni C4H10: kaboni 4 zinatoa CO2 4, haidrojeni 10 zinatoa H2O 5. Kulia kuna atomu 13 za oksijeni, na kila O2 inaleta mbili, ndiyo maana ikatoka 6.5. Zidisha mlinganyo wote kwa 2:

2C4H10 + 13O2 → 8CO2 + 10H2O

Usiguse zile namba ndogo za chini (kama 4 na 10 kwenye C4H10). Ukizibadili hiyo si butani tena. Na oksijeni isawazishe mwisho, maana kushoto iko peke yake, haivurugi hesabu za wenzake.

Sasa zile gramu 29 za butani ulizouliza zinahitaji oksijeni kiasi gani. Moli (kipimo cha kuhesabia chembe) moja ya butani ni gramu 58, kwa hiyo unayo moli 0.5. Zidisha kwa 6.5 (hapa nusu haina ubaya wowote), unapata moli 3.25 za O2, yaani gramu 104. Zinatoka CO2 gramu 88 na maji gramu 45. Jumlisha: 133 kushoto, 133 kulia.

Swali likisema hewa haitoshi, usitumie mlinganyo huu. Hapo hutoka pia kabonimonoksaidi na masizi.