Stempu yako ya "Zanzidar"

Pole kwa msiba wa babu. Umesema amekuachia stempu ya India ya Malkia Victoria iliyochapwa juu yake neno Zanzibar, ila lako linasomeka "Zanzidar". Usiiuze haraka! Kosa hilo lipo kweli katika stempu za 1895, lakini waghushi nao wanalipenda, maana stempu ya India isiyo na neno hilo hupatikana kwa urahisi.

Itazame kwa lenzi pale muhuri wa posta unapokutana na herufi. Wino wa neno ukiwa umepanda juu ya muhuri, ni bandia: kwenye stempu halisi, neno lilichapwa kabla stempu haijauzwa. Ukiwa chini, bado si uthibitisho. Mimi niliuziwa bandia ya hivyo, na iliniuma sana. Ishike kwa kibano, usiioshe, kisha uipeleke kwa wataalamu wanaotoa cheti.